Mteja Niliyemleta

Juzi, dukani kwa mjukuu wangu, nilinusa karafuu maiti, nikarudi ghafla utotoni, kisiwani Chole, kwenye alasiri moja ya wakati wa ndui.

Baba alikuwa akiuza nguo. Kanga nyekundu, zilizokuwa zikigombaniwa, zilianza kushika vumbi, na watu wakawa wanataka kitambaa cha bafta nyeupe tu. Hawakuchagua wala hawakuomba kupunguziwa bei. Nikadhani nyeupe ndiyo mtindo mpya. Nilifurahi kusikia mkasi wa baba haunyamazi, ingawa mwenyewe alikuwa ameacha kuimba.

Gora la bafta lilipokaribia kwisha nikamkumbuka Bi Zuhura, mama wa rafiki yangu Mize, tuliyelingana naye kimo. Nikamkuta ameketi kizingitini kwake.

“Shikamoo, Bi Zuhura. Njoo ununue bafta, inakwisha! Kila mtu kanunua.”

“Marahaba, mwanangu. Mwambie baba yako aniwekee.”

Nikarudi mbio, natweta, najivunia kumpatia baba mteja.

“Mize umemwona?” akaniuliza.

“Amelala. Nimemwita dirishani, hakuitika.”

Baba akaweka mkasi chini. Hakuuliza Bi Zuhura anataka kitambaa cha mikono mingapi. Aliniita karibu, akanisimamisha, akaipima ile bafta toka utosini mwangu hadi nyayoni.

Leo najua kwamba siku zile tulikuwa tukiuza sanda, na kwamba Mize hakuwa amelala. Alasiri ile nilijinyoosha kwa ncha za vidole ili nisipunjwe, nikiamini nakatiwa kanzu ya Idi.