Sahani ya Shukrani

Kwetu Lubumbashi, mtu akikutendea wema huwezi kumshukuru kwa maneno matupu. Unapika. Unasonga bukari, ugali wetu wa mahindi, unatafuta samaki, au kuku kama mambo si mabaya, unafunika sahani kwa kitambaa safi, kisha unamtuma msichana wa nyumbani apeleke. Akifika anapiga goti mlangoni, anapiga makofi madogo, anasema nyumba yetu inashukuru. Neno kubwa hapo ni nyumba. Mwanamke akimpelekea mwanamume chakula kwa kujituma mwenyewe, maana yake anamtaka, na mtaa mzima unayajua. Akitumwa na nyumba, ni heshima tupu. Tofauti yote iko kwa aliyemtuma.

Naanza na desturi hii kwa sababu nimechoka kuielezea mwishoni mwa mikutano, watu wa misaada wakiwa wameshakusanya mikoba yao. Kazi yangu leo ni kukaa na wanawake waliokimbia vita na kuwaambia kwamba unga wanaopewa ni haki yao, na kwamba mfanyakazi wa msaada haruhusiwi kudai mwili wa mtu kwa unga huo, hata kama huyo ni mtu mzima na amekubali kwa kinywa chake. Njaa nayo ina namna yake ya kukubali. Sikujifunza hayo katika semina. Nilijifunza kwa mtu mmoja, na mtu huyo nimemkosa tangu nilipokuwa msichana wa sekondari.

Nilimwita yaya, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa. Alikuwa mtoto wa shangazi yangu, mwalimu wa shule ya msingi huko upande wa ziwa Mweru, mwanamke mzima aliyezoea kusimama mbele ya watu. Miaka ile nchi ilikuwa imekatika vipande. Mgodi uliomlisha baba ulikuwa umeacha kulipa, lakini kila asubuhi alivaa sare yake ya kazi, akaketi kibarazani kwetu, mtaa wa Makomeno, mpaka jua likawa kali, akaingia ndani. Mama aliuza vitumbua. Siku moja shangazi akatokea na yaya na wadogo wawili, miguu imevimba. Walikuwa wametembea kutoka ziwani mpaka Kasomeno, na kutoka hapo lori la samaki likawaleta mjini.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini kwetu hata jembe halikuwepo. Tulibanana. Yaya alilala nami kitanda kimoja, na kwa mara ya kwanza nikawa na mtu wa kuzungumza naye. Alinisahihisha imla ya Kifaransa akiwa anachambua maharage, bila kuinua macho. Alikuwa na kicheko kibaya sana, cha kukoroma, na kila kilipomtoka alijifunika mdomo kwa kitenge, ndipo tukazidi kucheka. Mpaka leo nikisikia mtu anakoroma anapocheka, nageuka.

Kule nje ya mji, kwenye barabara ya Kasenga, shirika moja la msaada lilifungua kambi. Shangazi aliandikishwa huko, ingawa aliendelea kulala kwetu, akapewa jetoni, kile kibati cha kuonyesha ili upimiwe unga, maharage na mafuta. Aliyesimamia ugawaji alikuwa mtu wa hapa hapa mjini, mpole wa kusema, mwenye shati lililopigwa pasi. Wakubwa wa shirika walimpenda kwa kuwa alijua lugha zote za kambi. Mlangoni pa ofisi yake walipigilia ubao uliosema msaada ni bure, na chini ya ubao sanduku la malalamiko. Ufunguo wa sanduku wakamwachia yeye. Huko ndiko kumkabidhi fisi bucha, ila wao waliona wamemaliza kazi.

Shangazi alisoma ule ubao kwa namna yake, na wanawake wengi wa kambi vilevile.

"Huyu mutu anatupatia bunga, haombe kitu, na shiye tunakaa tu vile?" alisema jioni ile. "Batasema tulitoka mu pori."

"Mama, bunga haiko yake," yaya akajibu. "Banamulipaka juu ya ile kazi."

"Kitu ya bure njo inaombaka merci ya mingi. Utapeleka sahani kesho."

Ndivyo tulivyolelewa. Kitu ulichonunua hakikudai, lakini cha bure kinakufuata mpaka umekishukuru. Mtu aliyeandika ubao ule alidhani neno bure linamfunga msimamizi, kumbe lilitufunga sisi. Nyumba nyingi za kambi zilikuwa zinapika kwa unga wa msaada na kumrudishia mgawaji, na yule bwana akala akanenepa kwa chakula kisicho chake wala chetu.

Yaya alipeleka nyumbani kwa yule bwana, kwa kuwa mama yake alimtuma. Mara ya kwanza alirudi na sahani tupu. Mara ya pili alirudi amekasirika, akaniambia yule mtu amemwambia asisimame mlangoni kama mgeni, aingie. Siku nyingine akamwambia aje bila mdogo wake aliyekuwa akimsindikiza. Yaya akaweka sahani chini, kwenye vumbi la mlangoni, akaondoka. Katika ugawaji uliofuata jetoni ya shangazi ikakataliwa. Tuliambiwa ina kasoro, turudi ikishatengenezwa, na wa kuitengeneza alikuwa yeye.

Nyumbani hakukuwa na kitu. Wadogo walikuwa wanalia kilio kile cha chini ambacho mtu hawezi kukinyamazisha. Shangazi hakuwa mwanamke mbaya, na nataka hilo lisomwe vizuri. Aliona jambo moja tu, kwamba binti yake ameweka chakula chini kama anayemlisha mbwa, na kwamba mtu mkubwa ametukanwa.

"Ulimupigisha haya," alimwambia. "Utarudia na sahani ingine, umuombe pardon."

"Mama, ile mutu haitafute chakula."

"Anatafuta heshima. Enda."

Samaki wa sahani ile mama alimkopa sokoni. Yaya alijifunga kitenge, akaenda mchana jua likiwa juu. Aliporudi alipita moja kwa moja mpaka uani, akajimwagia maji mpaka ndoo ikaisha, kisha akaomba nyingine. Baadaye kitandani aliniambia yaliyompata, kwa maneno machache. Maneno hayo ni yake, siyaandiki. Jetoni yetu ilitengenezwa kesho yake, na shangazi akasema, mnaona?

Yaya hakuandika karatasi ya kutia katika lile sanduku. Alisema mbele za watu. Siku ya ugawaji, mstari ukiwa mrefu, alimwonyesha yule bwana kidole na kutaja alichomfanyia, kwa sauti ile ile ya kufundishia. Kamati ya kambi ikatuita wote katika darasa la turubai, yaya na yule bwana uso kwa uso, na watu wamejaa mpaka nje. Leo jambo hilo tunalikataza kabisa. Mtu aliyeumizwa anasikilizwa faraghani, na mtu anayemchagua mwenyewe. Wakati ule hakuna aliyejua, au waliojua hawakuwa pale.

Yule bwana hakupandisha sauti.

"Mimi sikumuita," alisema. "Alikuya yeye mwenyewe na chakula yake. Si mara moja. Mwanamuke anapelekea mwanaume chakula ku nyumba, ni juu ya nini? Shiye bote tuko bantu ba hapa. Munajua."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha haya. Mwenyekiti wa kamati akamgeukia yaya.

"Nani alikutuma?"

Swali zuri kabisa kwa mtu wa kwetu. Jibu lake lingemaliza kila kitu, maana kama nyumba ilimtuma, basi yule bwana alikuwa amevunja heshima ya nyumba nzima na hana la kusema. Na jibu hilo halikuwa la yaya kulitoa. Nyumba husemewa na mkubwa wake. Yaya akamwangalia mama yake.

Shangazi alikuwa amempakata mdogo wa mwisho. Alikuwa anamchambua nywele kama anayetafuta kitu. Nyuma yake walikaa rafiki za yule bwana, na asubuhi ile mmoja wao alikuwa amekwisha kumnong'oneza kwamba jetoni ikipata kasoro tena haitatengenezwa. Nilisimama mimi. Nilisema, ni shangazi alimtuma, nilikuwapo. Mwenyekiti akaniambia nikae, mtoto hasemi penye wakubwa, na mama akanivuta sketi. Yaya hakunitazama. Aliendelea kumngoja mama yake mpaka watu wakaanza kukohoa.

Shangazi hakusema kitu.

Baadaye shirika lilimleta mwanamke kutoka mji mwingine, akakaa na wanawake mmoja mmoja, na ikajulikana kwamba sahani nyingi zilikuwa zimeingia mlango ule. Yule bwana aliondolewa. Lakini ugawaji ulisimamishwa wakati wa uchunguzi, na watu wenye njaa hawamchukii aliye mbali. Kisimani pa kambi walimsogelea yaya na kumwambia amekula unga wa watoto wao. Walimwita mwanamke aliyejituma. Jina hilo lilimfuata mpaka Makomeno, sokoni, kanisani.

Aliondoka na lori la mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini, Mkristo wa nguvu, ambaye kabla ya kuwasha injini alisali sala ndefu kuliko ibada ya Jumapili, kisha akawagombeza abiria kwamba wanamchelewesha. Yaya alicheka, akajifunika mdomo. Nilidhani anakwenda kupumzika. Alishuka Lukafu, akapata shamba, halafu darasa, halafu mume mkulima na watoto. Kwetu hakukanyaga tena. Shangazi alituma salamu kwa madereva, na madereva walirudi wakisema salamu zimefika.

Namkosa, na sijui kulisema kwa namna ya kupendeza. Nilipofaulu mtihani wa serikali na watu wakajimwagia poda nyeupe barabarani kwa furaha, nilitaka anione. Nilipoolewa nilimwekea kiti, na mjomba mmoja mnene akakikalia. Nimekwenda Lukafu kumwona, tumekula, tumelala chumba kimoja tena kama zamani, lakini huko mimi ni mgeni na yeye ni mwenyeji, na asubuhi lori likipiga honi narudi peke yangu. Kila mara namwomba arudi hata kwa wiki moja. Kila mara anasema tutaona.

Kisha vita vikawaka tena kaskazini, na watu wakashuka tena kwa barabara ile ile. Safari hii nilikuwa upande wa pili wa meza. Tulipanga ugawaji uwe asubuhi, mahali pa wazi, wanawake wa kambi wenyewe wakipima. Tulisema shukrani iishie pale pale kwa makofi, na sahani yoyote isivuke mlango wa mfanyakazi. Kwa wakubwa wa shirika, hilo lilikuwa rahisi. Kwa akina mama wa kambi lilikuwa tusi. Mkutanoni walinishambulia. Mmoja alisema nimesoma mpaka nimesahau adabu, mwingine akauliza kama mama yangu alinilea au aliniokota.

Shangazi alikuwa amekuja nami kuwasalimu watu wa kwao. Amezeeka, magoti hayamtii. Alikaa kwenye benchi la nyuma, na sikujua anataka kusimama mpaka nilipomwona amemshika jirani yake bega ili ajiinue.

"Munisikilize," alisema. "Miye nilikuwaka na mutoto mwanamuke. Nilimutuma na sahani kwa mutu wa bunga. Akakatala, nikamutuma tena. Bakauliza mbele ya bantu, nani alimutuma? Nikanyamaza. Miye njo nilimutuma. Hakujipeleka. Miye njo nilimutuma."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Yule mama aliyeniuliza kama niliokotwa alishika kichwa, akatazama chini, na hatukubishana tena juu ya sahani siku ile.

Nilitoka nje na kumpigia yaya simu. Nilimwambia nilichosikia. Nikasikia kuku wake.

"Alisema mbele ya nani?"

"Mbele ya bamama bote. Na bakubwa ba kazi."

"Na weye ulikuwa pale?"

"Nilikuwa, yaya."

"Rudilia vile alisema. Usiongeze kitu."

Nikarudia. "Miye njo nilimutuma. Hakujipeleka."

"Rudilia tena."

Nikarudia. Akaniomba tena, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na nikarudia, na tena, mpaka salio la simu likaisha, na sikupata nafasi ya kumwambia arudi nyumbani.