Mama Uerimanga Ameomba Geji, Ameletewa Kaliper

"Andika hivi," Uerimanga Tjijombo anamwambia mwandishi wa gazeti, jicho moja ndani ya mtutu. "Miaka kumi na minne, bunduki mbovu haijawahi kutoka mikononi mwangu. Hata moja."

Ni saa moja asubuhi, Kamanjab, kaskazini-magharibi mwa Namibia. Fundi huyu wa bunduki za askari wa wanyamapori ameshachungulia mitutu sita, na maziwa yake ya mgando hayajaguswa. Jumatatu doria inaondoka kufuata simba wanaomaliza ng'ombe. Kabla ya hapo anatakiwa kutia saini fomu ya kupokea kifaa kipya cha kupimia mitutu iliyolika.

Kifaa kiko mezani: kaliper inayong'aa, yenye kioo cha namba. Bwana Haraseb wa ugavi anainyanyua kama kichanga.

"Inasoma mpaka sehemu ya mia ya milimita, mama! Unataka nini tena?"

"Nataka iingie," anajibu Uerimanga. "Ugonjwa uko kooni, wewe unaniletea cha kupimia midomo."

Hasira yake ina sababu. Moto wa baruti hula kwanza koo la mtutu, pale risasi inapoanzia safari. Koo likipanuka, risasi huondoka vibaya, na mdomo unaweza kubaki mzima kabisa. Ndiyo maana aliomba geji ya koo: fimbo ya chuma yenye mistari, inayotumbukizwa kutokea nyuma. Ikizama kupita mstari wa mwisho, mtutu umekwisha.

Ameiomba mara tano kwa ajili ya bunduki thelathini na moja. Bei yake, dola 2,900, haifikii ya mapazia mapya ya ofisi ya ugavi. Mapazia yalifika baada ya wiki mbili. Labda simba watafukuzwa kwa mapazia.

"Mbona siku zote mmepima bila geji?" Haraseb anauliza.

"Kwa ncha ya risasi. Unaichomeka mdomoni mwa mtutu, ikikwama, mzima. Ikizama, mtutu umekufa."

"Basi endeleeni hivyo hivyo. Saini hapa."

Uerimanga anachukua kalamu, anaandika kwa herufi kubwa: NAKATAA. SIJAWAHI KUPITISHA BUNDUKI MBOVU, SITAANZA JUMATATU.

"Na namba kumi na saba?"

Ni Mzee Kavezuva Muharukua, mlinzi wa geti, amesimama mlangoni. Mkono wake wa kushoto una makovu ya simba jike. Kabla ya makovu hayo alikuwa kiongozi wa doria.

"Baba, karibu chai," Uerimanga anasema haraka.

"Chai baadaye. Ulichomeka risasi mdomoni, ikakwama. Ukacheka, ukaniambia, 'Nenda baba, hii itakuzika.' Nusura inizike kweli. Hatua arobaini tu, nikamkosa. Miezi minane naulaumu mkono wangu. Leo ndiyo nasikia habari za koo."

Haraseb anaangalia kaliper yake. Hakuna anayemtania.

Uerimanga anaivuta fomu. Analiacha neno la kwanza, anakata mengine yote, kisha anaandika chini: *Namba 17 huenda ilitoka mbovu. Niliipima mimi, kwa ncha ya risasi. Bila geji, hakuna bunduki itakayotoka hapa kwa saini yangu.*

"Geji ikija," anamwambia mzee, "yako ndiyo ya kwanza. Tujue kama ni mkono au ni mtutu."

"Na huyu wa gazeti umeshamwambia nini?"

Uerimanga anaifuta kalamu kwa aproni, taratibu mno.

"Ile ya miaka kumi na minne," anamwambia mwandishi bila kugeuka, "ikate."