Cherehani Barazani mwa Wodi

Kama hujawahi kumwona mwanamke akisukuma mkokoteni wenye cherehani ya miguu kuelekea hospitali, pole, umekosa mambo. Watu walisimama njiani wakimtania: "Fundi, leo cherehani nayo inaumwa?" Naye, jasho likimtiririka, akajibu: "Nzima kabisa. Inakwenda kumtoa mtu!"

Kazi yake tangu usichana ni kushona: sare za shule, viraka, kupunguza suruali za waliokonda na kupanua magauni ya walionenepa, huku akijifanya hajaona kitu. Kitindamimba wake, binti wa darasa la kwanza, alishikwa na homa ya mapafu akalazwa. Dawa, oksijeni, vipimo, kitanda. Akiba ikaisha, redio ikauzwa, kabati likauzwa, mumewe ambaye ni mwashi akaenda mbali kutafuta kibarua. Mtoto, tunamshukuru Mungu, akapona. Daktari akasema aende nyumbani. Mhasibu akasema haendi popote mpaka deni liishe.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Mtoto mzima, anarukaruka wodini, amezuiwa kwa ajili ya deni, na kila siku anayozuiwa kitanda kinahesabiwa na deni linapanda! Jamani, hiyo ni hospitali au mtego wa panya?

Shemeji yake, kaka wa mumewe, akaleta mtu wa kununua cherehani. "Shemeji, mtoto kwanza," akasema. "Uza hilo chuma."

"Nikiuza nalipa nusu. Nusu nyingine nitaishona kwa vidole?"

"Una kichwa kigumu wewe!"

"Kingekuwa laini, shemeji, kingeshapasuka siku nyingi."

Mnunuzi akaondoka mikono mitupu. Lakini usidhani moyo wa fundi ulikuwa wa jiwe. Jioni hiyo alipokwenda wodini, binti yake alimvuta sikio akamnong'oneza: "Mama, nilikosa nini? Waambie sirudii." Fundi akajikaza kisabuni mpaka nje ya geti, kisha akaangua kilio, wapita njia wakadhani amefiwa. Asubuhi yake ndipo akakodi mkokoteni.

Mlinzi wa geti alimzuia. Fundi akamtazama nyuma, akaona suruali imeachia mshono. "Kaka, hiyo nakushonea bure, ila kwa ndani." Mlinzi akajishika nyuma kwa haraka, akafungua geti.

Akaiweka cherehani barazani, nje ya wodi ya watoto, akaanza. Wauguzi wakaleta makoti yaliyokatika vifungo. Akina mama wakaleta nguo za watoto. Hata shuka za hospitali yenyewe, zilizochanika katikati, zikaletwa. Mchana haujafika, foleni imeziba mlango wa wodi.

Mhasibu akatoka mbio, ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Mama, hapa si sokoni!"

"Najua. Sokoni mtu anaondoka akitaka."

"Ondoa hiki kitu!"

"Mtoe mwanangu, tutaondoka sote watatu."

Mhasibu akajifuta uso, akatulia kidogo. "Haya, wewe ni fundi. Mteja asipolipa, nguo unampa?"

Swali lilimchoma fundi, maana kibandani kwake kweli zimening'inia misumarini nguo za watu wasiolipa, na hatoi hata moja, hata umlilie. Akashusha mguu kwenye kanyagio.

"Simpi," akasema. "Lakini nguo hailali ikijiuliza imekosa nini. Na mimi, baba, sijawahi kumlipisha mtu kodi ya msumari!"

Akina mama wakashangilia. Mhasibu akainyooshea cherehani kidole. "Basi acha cherehani hapa, umchukue mtoto."

"Thubutu! Hiyo ndiyo itakayokulipa. Ukiifungia stoo tumekula hasara sote. Deni silikatai. Shika pesa hizi za leo, na kila mwisho wa wiki nitaleta nyingine. Lakini mwanangu si rehani."

Mhasibu akatazama foleni, akamtazama muuguzi mkuu aliyekuwa amesimama na koti mkononi akingoja zamu, akatazama zile pesa. "Nenda," akasema kwa hasira. "Mchukue mwanao, na hilo lidude lako. Sasa hivi!"

Fundi akamkumbatia binti yake mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa. Akafuta machozi, akaanza kukusanya nyuzi. Ndipo mama wa kitanda cha jirani, ambaye mtoto wake mgongoni alipona zamani lakini naye amezuiwa kwa deni, akauliza kwa sauti ya kuomba: "Na wangu je?"

Nyuma yake walisimama wengine.

Fundi akazirudisha nyuzi mezani. Akampakata binti yake, akamsogezea mhasibu kiti kitupu mbele ya cherehani.

"Mhasibu," akasema, "keti. Hatujamaliza."