Wanataka niolewe ili mlingoti ubaki

Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyapunguze, maana yamenijaa mpaka hapa shingoni.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, sijaolewa. Naishi kijiji cha juu huku Milima ya Uluguru, ukisimama uani kwetu unauona mji wa Morogoro wote. Baba alipunguzwa kazi enzi zile viwanda vya mjini vinabinafsishwa, akarudi mlimani, akajenga kwenye shamba la ukoo wake, akawa fundi redio. Alipozeeka alituachia chumba cha mbele mimi na mtoto wa shangazi yangu, huyu nitamwita Side.

Tulikusanya kompyuta zilizotupwa na maofisi, tukaziwekea programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzifungua, kuzirekebisha na kumpa mwenzake. Chumba tukakiita karakana. Wakaja wanafunzi wa chuo kutoka Mazimbu, wakaja mafundi simu, wakaja wakulima wa karoti na matope miguuni. Nje tulisimamisha mlingoti wenye antena, mtandao wetu ukafika zahanati, shuleni, na kwa kina mama wanaoulizia bei ya mboga kabla hawajashusha mizigo mjini. Nywila hatukuweka hata siku moja, na hiyo ndiyo ilikuwa fahari yetu.

Side ni msemaji, mimi ni mtendaji. Antena ikipindishwa na upepo, napanda mimi. Mitambo ikizima, nahangaika mimi. Ila kila mwaka tukifanya siku ya wazi, kipaza sauti anashika yeye, na watu wanampendea somo lake la haki za mtandaoni. Anawaambia, "Ukikuta kitufe cha 'nakubali', na bila kukibonyeza huingii popote, hapo hujakubali. Umebanwa." Nilikuwa nampigia makofi kuliko wote. Hilo somo naomba mlikumbuke.

Mwaka jana Baba akafariki. Kwa wasiojua, sisi Waluguru tunafuata ukoo wa mama. Shamba la Baba silirithi mimi aliyenizaa, linarudi kwa watoto wa dada yake, yaani kwa Side. Na mama yangu, naye marehemu, alikuwa Mnyiramba wa Singida, ambako wanafuata ukoo wa baba. Kwa hiyo huku wananiambia kwetu ni kwa mama, kule wananiambia kwetu ni kwa baba. Nimewauliza wote, basi mimi kwetu wapi?

Bado sikuwa na wasiwasi, kwa sababu mrithi ni Side, mtu ninayekula naye sahani moja. Mpaka siku muuguzi wa zahanati aliponipigia. "Dada, mbona mtandao leo unadai neno la siri?"

Nikamfuata Side mbio. Hata kunitazama hakunitazama. "Wazee wamesema mali ya ukoo isitumike ovyo. Tulia kwanza, kuna kikao."

Ovyo! Zahanati ndiyo ovyo?

Kikaoni aliongoza baba mdogo, mdogo wake marehemu Baba, ambaye kwa Side ni mjomba. Nikatoa shikamoo zangu zote, nikakaa mkekani. Baba mdogo akasema mimi si mtu wa ukoo ule, nitoe vitu vyangu na mlingoti ushushwe. Nilishindwa kujizuia, nikalia mbele yao. Ndipo shangazi akanishika bega akicheka. "Sasa mwanangu unalia nini? Side hana mke, wewe huna mume. Oaneni, mlingoti ubaki."

Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba wanaruhusiwa kuoana, na dini yetu haikatazi. Wazee wakafurahi, mmoja akaanza kutaja mbuzi. Nikamgeukia Side nikitegemea atawaambia hapana, binadamu haulizwi hivyo. Side aliinamisha kichwa, anatabasamu.

Tulipotoka nikamwuliza, "Side, unanitaka mimi, au unataka mtu wa kukupandia mlingoti?"

Akanijibu, "Kwani lazima nichague?"

Jamani. Nilitamani nimpige na kitu.

Msinishauri nihame na kompyuta zangu, nimeshafikiria. Programu zote nikizikopi zinaenea kwenye diski moja, naitia mfukoni naondoka. Ila chini mjini hakuna sehemu inayoonana na zahanati na shule kama uani kwetu. Mlima siwezi kuukopi. Nikikataa, wale kina mama watarudi kushusha mboga bila kujua bei, na karakana tuliyoanza na Baba itakuwa stoo ya mahindi.

Na sasa niseme kile ambacho sijamwambia mtu. Side nampenda, tena tangu zamani, tangu tunafungua kompyuta ya kwanza kwa bisibisi ya Baba. Angenitamkia siku yoyote kabla ya kile kikao, ningekubali kabla hajamaliza sentensi. Nimengoja miaka nisikie neno hilo, nikaja kulisikia kutoka kwa shangazi, mlingoti ukiwa umeshikwa mateka! Leo nikisema nakubali, yeye mwenyewe kwa somo lake atajuaje kama nimekubali au nimebanwa? Na mimi nitajuaje?

Jana nimemwambia aondoe nywila kwanza, aandikishe mbele ya wazee kwamba mlingoti haushuki hata nikimkataa, halafu ndiyo aje kuniuliza. Akasema nafanya mambo kuwa magumu, kwani si tunapendana?

Kumbe alikuwa anajua.

Baba mdogo anataka jibu Ijumaa baada ya swala. Nyie mnaosoma, mngekuwa kwenye mkeka ule, mngemjibu nini?