Kitambaa cha Mama Juu ya Swichi

Ofisini wamekwisha kunicheka, kwa hiyo na ninyi chekeni. Vita ilikuwa imetawanya watoto wetu, na ofisi ya hapa mjini Baraka ninakofagia ilikuwa inapokea majina ya waliopatikana kutoka ng'ambo ya ziwa. Majina yalipitia kwenye swichi mbili, mashini za kuunganisha kompyuta zote. Nilizipenda mno! Fundi Asukulu alizipandanisha, akazifunga nyuma kwa waya mfupi mnene, zikawa kitu kimoja.

"Riziki, kila moja iko na njia mbili za umeme," alinieleza. "Moja ikikufa, ingine inabeba."

Kitu kizuri hivyo kikae uchi katika vumbi? Kwetu hata redio huvikwa. Nikaleta kitambaa alichonifumia mama, nikazifunika hadi mbavuni.

Saa sita kompyuta zote zikanyamaza. Mama Furaha, aliyetoka Kazimia kumtafuta mwanawe, alikuwa anangoja mlangoni. Fundi akakimbilia jenereta. Mimi mjuzi nikamwambia, "Papa, labda ni panya."

Mwishowe akafunua kitambaa, joto likampiga usoni. "Nani aliziba feni za mashini? Ziko zinapumulia mbavuni!"

Nikatazama dari.

Mashini zikapoa, taa za kijani zikarudi, majina yakaingia. Mwana wa Mama Furaha yuko hai! Tukashangilia, nami nikajua nimepona.

Mama Furaha akaokota kitambaa afute machozi. Akasimama, akasoma kwa sauti maandishi ya uzi mwekundu:

"Riziki mwanangu, Mungu akulinde."