Binti wa Fundi Asiyefumua

Pale Nyasura, mjini Bunda, suruali iliyomeza kamba yake ndani ya upindo wa kiuno hupelekwa kwa Luqmani. Mafundi wengine huchukua wembe, wakafumua kiuno kizima, wakaivuta kamba na kushona upya. Luqmani hafumui. Ana spoki ya baiskeli aliyoikunja ncha. Huipitisha kwenye kitundu kilekile cha kamba, mkono wa kulia ukisukuma, vidole vya kushoto vikiifuata kwa juu ya kitambaa, na baada ya muda kidogo kamba inachungulia nje. Kazi hiyo imempa sifa, na sifa zenyewe, tuseme ukweli, hazijamkera.

Hasna ni binti yake. Alikulia pembeni ya cherehani hiyo, akasoma hadi udaktari, na mwaka huu ni daktari tarajali katika hospitali moja ya Musoma, amepanga chumba mtaa wa Nyakato hukohuko. Alipoanza kazi, baba yake alimshonea sare ya kijani ya chumba cha upasuaji, na juu ya mfuko wa kifuani akadarizi kwa uzi mweupe: Dk. Hasna Luqmani, Upasuaji. Hakumuuliza. Kwake daktari anayepasua ndiye daktari. Wengine wote ni watu wa kuandika vidonge. Alishawatangazia majirani, na msikitini pia wanajua.

Hasna hakuwa na neno la kumpinga, mpaka kambi ya madaktari bingwa ilipofika Musoma na yeye akapangwa kumsaidia Daktari Gibson, mtu mfupi, mpole, asiyegombana na saa.

Jumatano aliletwa Yuliana, mkulima wa Butiama, ana homa ya wiki mbili na jipu kubwa ndani ya ini. Kaka yake Mugeta alikuja na wanaume sita wa ukoo, wamekula wakashiba, tayari kutoa damu, maana walijua atapasuliwa. Gibson aliwashukuru, akasema safari hii damu yao haitahitajika. Ndani, aliweka kifaa cha altrasaundi ubavuni mwa mgonjwa, akatazama kwenye skrini, akapitisha sindano, kisha waya mwembamba, na juu ya waya ule mrija laini. Mkono wa kulia ulisukuma, wa kushoto ukafuata. Hasna alisimama nyuma yake, akiifuata mikono ile kwa macho. Kazi hii alikuwa ameiona tangu utotoni, barazani kwao.

"Inaitwa tiba radiolojia," Gibson alimwambia wakinawa mikono. "Kutoa jipu ni jambo dogo kati ya tunayofanya. Mama aliyejifungua anavuja damu, unaingia kwa mshipa wa paja, unauziba mshipa uleule unaovuja, na kizazi chake kinabaki. Dar es Salaam wanafundisha. Lakini fikiria vizuri. Ukirudi huku Mara utaisubiri mashine, utakuwa peke yako, na watu hawatakuelewa."

Fomu ya ufadhili wa masomo ilikuwa inafungwa Jumatatu. Hasna alikuwa amejaza kila kitu isipokuwa mstari wa fani.

Jioni ile usaha ulijaza mfuko ulioning'inia mwisho wa mrija na Yuliana akaomba uji. Asubuhi ya Alhamisi homa ilikuwa imerudi. Hasna alifunua shuka, akakuta mrija umefungwa fundo kwa kipande cha khanga. Mugeta, aliyeketi kando ya kitanda, hakukana.

"Nimefunga mimi, daktari. Dada yangu hamjampasua, mshono hana, damu yetu mmeikataa. Mmemtoboa tu, nguvu zake zinaishia kwenye mfuko. Sisi mtu akivujaga hivyo, tunamfunga."

Hasna alifungua fundo, usaha ukashuka tena. Alimweleza, na Mugeta akaitikia kwa adabu ya mtu ambaye hajaamini hata neno moja. Kilichomuuma Hasna hakikuwa fundo. Jana yake wote waliingia kumtibu Yuliana na hakuna aliyetoka kumweleza Mugeta, yeye Hasna mwenyewe akiwa kwenye kuushangaa waya.

Ijumaa baada ya swala alikuwa Bunda, barazani kwa baba yake. Alianza na habari ya fundo, kwa sababu ile nyingine aliiogopa. Luqmani alisikiliza, mguu umetulia juu ya pedali.

"Hata mimi walikuwaga wananigombeza," alisema. "Mtu anaona suruali haina alama, anasema sijaigusa. Siku hizi namkalisha hapohapo ulipokaa. Namshikisha kiuno cha nguo, anaisikia spoki ikipita. Akishaisikia, hana neno tena."

"Baba, hiyo ndiyo kazi ninayotaka kwenda kuisomea."

"Ipi?"

"Ya spoki. Siyo ya kupasua."

Luqmani alimtazama, kisha akautazama mtaa wake, ambao wote ulikuwa umeshaambiwa. Akarudi kwenye cherehani, akaanza kukanyaga pedali. Hasna alirudi Musoma na huzuni yake, na fomu.

Jumamosi alivuta mashine ya altrasaundi hadi kitandani kwa Yuliana, akamkalisha Mugeta mbele ya skrini na kumpa mfuko wa mrija aushike. Akamwonyesha doa jeusi, kisha picha ya Jumatano, ambamo doa hilo lilikuwa kubwa mara tatu. Yuliana alikohoa, na Mugeta akauona usaha ukishuka ndani ya mfuko alioushika.

"Hilo jeusi ndilo lilikuwa linammaliza?"

"Ndilo hilo."

Kuanzia saa ile aliulinda mrija ule kama mali yake, na muuguzi akipita karibu anaulizwa anataka nini.

Jumapili asubuhi mlango wa chumba cha Hasna kule Nyakato uligongwa. Alikuwa Luqmani, amevaa kanzu ya safari. Alikunywa maji, akaulizia kazi, kisha akasema, "Nipe ile sare."

Hasna aliitoa akidhani inaenda kupewa mwingine. Baba yake aliilaza magotini, akatoa wembe uliofungwa kwenye karatasi, akaanza na herufi ya mwisho. Alikata uzi mmoja mmoja, polepole, mpaka neno Upasuaji likaisha. Hasna alikuwa hajawahi kumwona akifumua kitu, na machozi yalimtoka bila kificho.

"Hiyo kazi yenu inaandikwaje?"

"Ni jina refu, baba. Halitatosha hapo."

"Basi libaki lako tu. Hayo mengine utakuwa unawaeleza mwenyewe, mmoja mmoja."

Akavisugua vitundu vya sindano kwa ukucha mpaka vikajifunga, akapuliza vipande vya uzi, akamrudishia sare yake. Hasna akaivuta fomu na kuujaza ule mstari, baba yake akiangalia.