Mkono wa Fundi

Nguo yoyote aliyoletewa, fundi cherehani huyu alianza kwa kuigeuza ndani nje. Upande wa nje ni wa kuuzia, alisema. Ukweli uko kwenye mishono. Alipapasa upindo kwa kidole gumba chenye sugu, pini zimebanwa midomoni, kisha akatoa hukumu: "Huyu ana mkono mzuri, ila anashona kama anafukuzwa." Mafundi walioshona nguo hizo hakuwahi kukutana nao hata siku moja. Binti yake, aliyekulia chini ya meza ile ya kukatia, alijua kwamba hata jani likipeperushwa na upepo hadi dirishani lingegeuzwa vivyo hivyo, mishipa juu. "Mwenyewe simwoni," mama angesema, "lakini mkono wake naujua." Hiyo ndiyo ilikuwa sala yake kwa Muumba, maana kanisani alikwenda kila Jumapili, na kila Jumapili alisinzia.

Asubuhi waliyorudi kutoka hospitali na kichanga ambaye hakuwahi kulia, binti alikaa kitandani akimtazama mama akishona kigauni cheupe cha kumzikia. Leo hakubana pini midomoni. Alipokwisha kumvalisha mjukuu wake, alikishika kiganja cha mtoto, akakigeuza taratibu, akapitisha kidole gumba kwenye mistari yake, hadi kwenye kucha nyembamba kama ganda la kitunguu. Akakawia hapo.

"Ni mkono wake, mama?" binti aliuliza.

"Ni wake. Hakuna hata mshono mmoja ulioruka." Akakilaza kiganja kifuani. "Sasa mwanangu, kazi safi namna hii, mbona ameifumua?"